Smith & Wesson 642 Mfukoni kwa Miezi 18: Niliyoyabadilisha na Niliyoyarudisha

Ninafunga duka langu la simu mjini Houston, Texas, saa nne za usiku, na kwa miezi 18 sasa nimekuwa nikitoka na mauzo ya siku mkononi na bastola ndogo ya silinda katika mfuko wa mbele wa suruali. Bastola yenyewe ni Smith & Wesson modeli 642, niliyoinunua ikiwa mpya, na tathmini hii inahusu mambo manne niliyoyabadilisha juu yake kwa sharti moja nililojiwekea siku ya kwanza: kila ninachokiweka niweze kukitoa mwenyewe mezani, au fundi akitoe kwa muda mfupi, na bastola irudi kama ilivyotoka kiwandani bila alama. Wakati ule sharti hilo lilitokana na ubahili tu, kwa sababu nilikuwa nikiiwazia siku ya kuiuza. Baadaye lilinifaa kwa sababu tofauti kabisa, kwani kati ya mabadiliko hayo manne, mawili nimeyatengua.

Kwa asiyeifahamu, 642 ni ya ukoo wa bastola fupi ambazo kampuni hiyo ilizipa jina la Centennial mwaka 1952, ilipotimiza miaka 100. Nyundo yake imefichwa ndani ya fremu, yaani kiunzi cha bastola, hivyo hakuna kinachonasa kwenye nguo unapoitoa mfukoni, na haiwezi kukokwa kwa kidole gumba. Kila risasi hutoka kwa kuivuta triga safari yake yote. Inabeba risasi tano za .38 Special, mtutu wake una urefu wa inchi 1.875, na kwa kuwa fremu ni ya aluminiamu, ikiwa tupu haifiki nusu kilo. Wepesi huo ndio ulioniuzia, na wepesi huohuo ndio unaoniadhibu kwenye uwanja wa shabaha. Waliosema shukrani ya punda ni mateke hawakuwahi kuipakia bastola hii risasi zenye msukumo mkubwa zinazoandikwa +P.

Nilianza na mpini. Ule uliokuja nayo ni wa raba, mfupi, unaokaliwa na vidole viwili huku kidole cha mwisho kikining'inia hewani, na kwa kufyatulia una faida yake kwa sababu raba hushika kiganja hata chenye jasho. Lakini raba ni raba: hushika kiganja na hushika kitambaa vilevile. Nikiwa chumbani, bastola ikiwa tupu, nilijaribu kuitoa mfukoni mara kumi, na mara nne ilitoka imeburuta bitana ya mfuko mpaka nje, kama mtu anayeonyesha kwamba hana senti. Niliweka kwanza mpini mrefu wa Hogue unaotosha vidole vitatu. Nilifurahi nao sana uwanjani kwa sababu teke lilipungua makali, ila kitako chake kilichungulia mfukoni kila nilipoketi kwenye gari, nami sitaki mteja ajue nina nini mfukoni. Ndipo nikanunua mpini wa mbao laini, wa urefu uleule wa kiwandani, kwa dola 60 na kitu. Kubadilisha mpini kwenye fremu hii, ambayo Smith & Wesson huiita J, ni kazi ya skrubu moja na bisibisi inayoenea vizuri kwenye mfereji wake; chini kuna pini ndogo inayoupa mpini mahali pake, basi hukosei.

Mbao iliteleza mfukoni kama samaki, na nilidhani kazi imekwisha. Kosa nililiona uwanjani, kwenye kutoa maganda. Ukiifungua silinda ya bastola hii, inatokea upande wa kushoto na kukaa karibu sana na mpini, na kwa kuwa mtutu ni mfupi, fimbo ya kusukumia maganda nayo ni fupi, hivyo maganda hayatoki yote kwa msukumo mmoja isipokuwa uielekeze bastola juu na kuisukuma fimbo kwa nguvu. Ubavu wa kushoto wa mpini wangu mpya ulikuwa mnene kwa milimita mbili hivi kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ganda moja lilikuwa likigonga mbao na kubaki likiegemea, na mara moja liliingia chini ya ile nyota inayoyasukuma maganda, jambo ambalo huifunga bastola kabisa mpaka ulichokonoe kwa kucha. Jioni hiyo nilichukua msasa nikausugua ubavu ule kidogo kidogo, nikijaribia na maganda matupu kila baada ya dakika chache, mpaka yote matano yakapita bila kugusa. Mtu anaweza kuniuliza sharti langu limekwenda wapi. Jibu langu ni kwamba nilichosugua ni mbao ya dola 60, si bastola. Mpini wa raba upo mzima, na fremu haikuguswa na kitu.

La pili ni kijino cha mbele cha kulengea. Katika bastola nyingine kijino hicho hushikiliwa na pini na unaweza kukitoa ukaweka chenye doa la kung'aa, lakini kwenye yangu ni sehemu ya mtutu wenyewe, cha rangi ya kijivu juu ya chuma cha kijivu, na kwenye mwanga hafifu wa maegesho ya magari macho yangu ya miaka 47 hayakipati. Dawa yake ni rangi ya kucha. Unakisafisha kijino kwa spiriti, unapaka rangi nyeupe mara mbili, unaacha ikauke usiku kucha, kisha unapaka ya machungwa inayowaka. Nilichukua ya mke wangu bila kuomba, naye akaigundua siku ya pili: “Baba Amina, rangi yangu ya kucha imeingiaje kwenye droo ya bisibisi?” Sikuwa na jibu la maana. Rangi hiyo hutoka kwa asetoni, ila tumia kijiti cha pamba na usiguse fremu, kwa sababu fremu ya 642 imepakwa tabaka jembamba la kinga ambalo halipendi dawa kali. Dawa ya kusafishia mtutu nayo huila rangi taratibu, kwa hiyo ninarudia kupaka kila baada ya miezi mitatu hivi. Kwa gharama ya karibu sifuri, hili ndilo badiliko lililonifaa kuliko yote. Kwa umbali wa mita saba, risasi zangu zilizokuwa zikitawanyika sasa zinakaa kwenye eneo la kiganja.

La tatu ndilo lililonifundisha adabu. Triga ya bastola hii ni nzito, takriban pauni 12, yaani karibu kilo tano na nusu, na kwa mtu aliyezoea bastola za magazini inaonekana kama unavuta ndoo kisimani. Kuna springi nyepesi zinazouzwa kupunguza uzito huo. Nilimpelekea fundi bunduki, akaniwekea, nikamwomba anirudishie ya zamani ndani ya kifuko cha plastiki, nami nikaandika juu yake tarehe na jina la sehemu kwa kalamu ya wino mzito. Dukani kwake niliivuta ikiwa tupu nikatabasamu. Ililainika kweli.

Jumamosi yake nilikwenda uwanjani na boksi la risasi 50. Kumi na mbili za kwanza zilitoka vizuri. Ya kumi na tatu ikasema “ta” tu, sauti kavu ya nyundo bila mlipuko. Nikasubiri nusu dakika mtutu ukiwa umeelekea shabaha, kama tulivyofundishwa, kisha nikafungua silinda. Kwenye kitako cha risasi kuna kikofia kidogo cha fataki ambacho nyundo hukigonga kupitia pini ndogo ili kiwashe baruti. Maganda yaliyolipuka yalikuwa na shimo la wazi katikati ya fataki, lenye kina, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa. Ile iliyogoma ilikuwa na doa la juujuu ambalo ilinibidi niigeuzegeuze kwenye mwanga ndipo nilione. Kabla boksi halijaisha nyingine moja iligoma. Mbili kati ya 50. Ni kweli kwamba bastola ya silinda hukupa nafuu hapo, kwa sababu ukivuta triga tena silinda inazunguka na kuleta risasi nyingine bila kuhangaika. Lakini sikununua bastola ya risasi tano ili nihesabu nne. Springi ile inaikopa nguvu nyundo, na risasi ambazo fataki zake ni ngumu kidogo ndizo zinazolipa deni. Jumatatu nilikuwa kwa fundi na kifuko changu, na ya kiwandani ikarudi mahali pake. Tangu hapo nimefyatua zaidi ya risasi 600 bila hata moja kugoma.

Fundi huyo, ambaye ni mtu mwema, alinipendekezea njia nyingine: asugue vyuma vya ndani ili triga ilainike bila kubadili springi. Nilikataa kwa shukrani. Springi ikinishinda ninairudisha, lakini chuma kilichosuguliwa hakiongezeki tena. Kwa sababu hiyohiyo sikugusa kile kifungio kidogo cha ufunguo kilicho ubavuni, ambacho wengine hukitoa. Nina watoto nyumbani, na ingawa bastola hulala ndani ya sefu, sioni kwa nini nipunguze kinga niliyouziwa. Badala yake nilianza mazoezi ya kuvuta triga kila usiku mara 20, nikitumia risasi bandia za mazoezi, huku risasi za kweli zikiwa zimefungiwa chumba kingine, na sarafu ya senti 10 ikiwa imelazwa juu ya kijino cha mbele. Wiki ya kwanza sarafu ilikuwa ikidondoka kila mvuto wa pili. Mwezi wa pili ilikuwa inakaa mpaka mwisho, na ile triga ya pauni 12 ikawa hainikeri tena.

Badiliko la nne sitalirefusha. Ni klipu ya chuma, mfano wa ile ya kalamu, inayofungwa kwa skrubu ubavuni ili uining'inize bastola kwenye mkanda bila ala. Ilinivutia kwa wembamba wake. Siku ya tano nilipoinama kushusha mlango wa duka, bastola iliteleza ndani ya suruali mpaka chini ya mkanda, huku triga ikiwa haina kifuniko chochote. Haikutokea kitu, lakini nilisimama pale mlangoni nikitokwa na jasho. Klipu iliondoka usiku uleule.

Nimerudi kwenye mfuko na ala ya mfukoni ya DeSantis aina ya Nemesis, ya kitambaa chenye uso wa nje unaonata, ambayo hubaki mfukoni bastola inapotoka na huifunika triga yote. Kwenye mfuko huo siweki kitu kingine, si funguo wala senti. Risasi za akiba ninazibeba kwenye utepe laini wa Bianchi, ambao hulala bapa mfukoni tofauti na vile vipakizi vya duara vinavyotokeza kama chupa ya dawa. Mazoezi ninayafanya kwa risasi zenye kichwa bapa cha uzito wa grain 148, yaani kama gramu 9.6, ambazo teke lake ni la kistaarabu na hukata karatasi matundu safi ya duara, ingawa kuzipakia haraka ni tabu kwa sababu hazina ncha ya kuziongoza tunduni.

Kwa anayefikiria kunifuata, aanze na sheria ya mahali alipo. Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 humruhusu mtu wa miaka 21 na kuendelea asiyezuiwa na sheria kubeba bastola bila leseni, lakini mimi nilichukua leseni hata hivyo, kwa sababu majimbo mengine mengi huitambua na kwa sababu mtihani wake wa risasi 50 ulinionyesha mapungufu yangu mapema. Ninapokwenda Tanga kuwasalimu wazee, bastola hubaki kwenye sefu Houston, wala si jambo la kufikiria mara mbili.

Hivi sasa bastola ina mpini wa mbao uliopigwa msasa na kijino cha rangi ya machungwa, na ndani ni ya kiwandani kabisa. Kifuko cha plastiki kimo kwenye droo, kina mpini wa raba, klipu na ile springi nyepesi ambayo sijapata moyo wa kuitupa. Jumamosi iliyopita nimekipaka kijino rangi upya, na safari hii chupa nimenunua mwenyewe.