Mashine ya kumenyea matufaha: ngumu inayaweza, laini yanaishinda

Miaka yote nimemenya matufaha kwa kisu, na kila vuli ikifika ndoo moja tu inatosha kunichosha nisitamani kuyapika. Safari hii nimenunua ile mashine ya mkono. Unachomeka tunda kwenye meno matatu, unazungusha mpini, wembe mdogo wenye springi unaambaa na ganda, na nyuma yake bati lenye tundu linakata nyama na kuacha kokwa pembeni. Ganda linatoka utepe mmoja mwembamba. Mwanangu aliunyoosha sakafuni akalala kando yake, ukampita mbali. Tunda lenyewe ukilitoa unadhani zima, hadi ulishike juu na chini ulivute, ndipo unaona limekatwa msokoto mmoja mrefu kama springi.

Kwa Granny Smith, lile tufaha la kijani, sina neno. Ni gumu, linashika meno vizuri, na kilo mbili nilizimaliza chai yangu ikiwa bado ya moto. Vipande vinatoka unene mmoja, kwa hiyo vinaiva pamoja. Nilivipanga kwenye bakuli la oveni na sukari na mdalasini, juu nikamwaga unga niliousugua na siagi mpaka ukawa chenga, nikaoka hadi ukageuka rangi. Havikuvurugika.

Vingine nilivikausha. Ule msokoto ukiupitisha kisu mara moja upande mmoja, unapata pete tupu. Zitumbukize kwenye maji yenye limau zisigeuke kahawia, zipange zisigusane, oveni nyuzi 90, kama saa tatu hivi, na uzigeuze katikati. Zikipindika bila kutoa maji, tayari. Zangu hazikuvuka siku mbili humu ndani.

Sasa lawama. Mashine yangu inasimama kwa mpira wa kunyonya meza, na kwenye mbao haishiki hata kwa dawa. Tufaha la tatu tu, ikang'oka na kuniangukia mguuni. Niliihamishia kwenye marumaru, nikalowesha mpira kidogo, ikatulia. Mwenye meza ya mbao anunue ile ya kubana kwa skrubu.

La pili ni matufaha laini. Nilikuwa na McIntosh zilizokaa siku nyingi. Meno yalizunguka ndani kwa ndani, yakachimba shimo, tunda likasimama palepale huku mimi nazungusha mpini kama mwehu. Nikaachana nayo. Hizo nilizikata robo robo na maganda yake, nikatia maji vijiko vichache, nikafunika moto mdogo mpaka zikalegea, kisha nikazipitisha kwenye chujio. Rojo laini, rangi ya waridi iliyotoka kwenye maganda, na sukari sikuongeza. Kwa kazi hiyo mashine huihitaji kabisa.

Tunda lililopinda nalo linatoka na vipande vya kokwa vimeng'ang'ania, kwa hiyo kagua kabla ya kupika. Maganda na kokwa usitupe, ndimo ilimo pektini inayogandisha jeli. Mimi nazichemsha pamoja, nachuja, maji yake natilia jemu.

Na ioshe papo hapo. Nililala bila kuiosha usiku mmoja tu, asubuhi nikakuta madoa ya kutu kwenye skrubu, na mpini ukawa unakwaruza mpaka nilipoupaka mafuta ya kupikia.