Dawa ya zulia ya kupimiwa: ilinigeuzia manjano yakawa damu

Naandika sasa hivi hasira hazijapoa, maana nikingoja mpaka kesho ntaanza kumuonea huruma yule kijana aliyeniuzia na sitaki.

Zulia lenyewe tulilinunua Mombasa, la nailoni, katika yale yanayoitwa hayashiki doa. Likaja na basi mpaka Mokowe, likapanda boti, likashuka Lamu likapanda punda, na punda alipofika kona ya kichochoro chetu akagoma kabisa maana zulia ni refu na kichochoro kina upana wa watu wawili wenye adabu, ikabidi walibebe kichwani vijana watatu. Nawaambia haya mjue si kitu cha kusema ntarudisha dukani kesho. Miezi ya mwanzo niliringa nalo wallahi. Mtoto akimwaga chai, chai inakaa juu vitone vitone kama maji kwenye jani la mgomba, unaweka kitambaa, unanyanyua, hamna kitu. Hata mavyaa wangu, ambaye hajawahi kusifu kitu nilichonunua mimi, alisema hili lina heri.

Sasa Idi ikapita, wiki moja au mbili hivi, tumekaa chini tunakula wali na samaki wa kupaka, kitinda mimba wangu akaona paka kaingia, akaruka, teke kwenye bakuli, mchuzi wote chini. Tui, ndimu, manjano. Mimi nimekaa tuli nasubiri vitone. Wapi! Doa likakaa kubwa kama sahani, la njano linalokutazama usoni.

Mavyaa akasema lete sabuni ya unga. Nikasema hapana, zulia la gharama hii lataka dawa yake. (Kumbe hapo pekee ndo nilikuwa na akili siku ile.) Nikashuka Langoni kwenye duka moja, silitaji, wanauza sabuni za maji za kupimiwa, yale madumu ya bluu yamepangwa mlangoni na chupa unakuja nayo mwenyewe. Nikamuuliza kijana mara mbili, mara mbili jamani, hii yafaa kwa zulia lisiloshika doa? Akanijibu hata hajainua macho kwenye simu, "Hii haichagui mamangu. Zulia, sofa, taili, gari."

Gari. Mjini Lamu. Hapo hapo ningeshtuka nikarudi zangu.

Nikaenda nikamimina, si kidogo, nikachukua brashi nikaanza kusugua. Lile doa la njano likaanza kuiva. Likawa rangi ya chungwa, likawa la hudhurungi, likawa jekundu, jekundu lile la machinjioni, na kila nikisugua linatanuka. Mavyaa akatoka chumbani kuja kuswali akasimama mlangoni akauliza, "Kachinjwa nani?" Sikuwa na jibu. Povu lenyewe lilikuwa la waridi.

Nikampigia binti wa mamangu mdogo, yeye afanya usafi kwenye hoteli moja Shela, miaka mingi ashughulika na mazulia ya wageni wanaomwaga mvinyo. Nilipomwambia limekuwa jekundu akacheka mpaka nikataka kukata simu. Akasema hilo si doa jipya, ni manjano yale yale, manjano yakikutana na dawa yenye alkali, yaani kinyume cha uchachu, yanageuka mekundu, ukitia kitu kichachu yanarudi njano. Basi mimi huyo mbio jikoni kuchukua siki. Akapiga kelele kwenye simu, "Usitie! Wajua ndani ya hiyo chupa mna nini?" Sijui. Chupa ni ya maji ya kunywa, karatasi ya maji bado imebandikwa, hakuna jina wala onyo. Akaniambia kama mna blichi na nikaitilia siki, itatoka hewa ya klorini, na mimi nimepiga magoti na pua iko juu yake na mtoto yuko kando. Hapo ndo nilikaa chini. Hapo ndo hasira zilinipanda kweli, si za zulia tena.

Kwanza akanitaka nisuuze na maji matupu, tena si ya kisima chetu, yana chumvi, ni ya mfereji, niwe nayanyonya na taulo, nisuuze tena na tena mpaka povu liishe. Taulo nyeupe, maana ya rangi itaongeza doa lake. Kugandamiza tu, kusugua ndo kunachambua nyuzi. Baadaye akaja mwenyewe jioni, akanusa, akajaribu pembeni nyuma ya kochi kwanza, siki kidogo kwenye maji mengi. Na kweli wenzangu, nililiona kwa macho yangu, wekundu ukarudi njano kama mtu aliyetahayari. Nilitamani mavyaa aone lakini alikuwa ameshalala.

Alichonieleza usiku ule, na ningelipwa ningekibandika kwenye kila mlango wa duka: kiwandani nyuzi za nailoni hujazwa dawa isiyo na rangi kwenye zile nafasi ambazo rangi ingeingia, ndo maana juisi na soda hazishiki, zakuta nyumba imejaa. Manjano yana njia zake, hiyo kinga haikuwekwa kwa ajili yao. Na kinga yenyewe adui yake mkubwa ni dawa kali ya alkali. Kwenye kile kipimo cha pH cha 0 mpaka 14, maji safi yako 7, juu ya hapo ndo alkali, na zulia kama langu usilipeleke kupita 10, na kila hatua moja ni ukali mara kumi, kwa hiyo 12 si "zaidi kidogo" ya 10, ni mara mia. Ya kwangu haikupimwa na mtu lakini ilikuwa yateleza vidoleni kama kamasi na kesho yake ngozi yangu imekauka inapasuka. Akasema yeye matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yatosha kwa madoa mengi, kisha suuza, maana sabuni inayobaki ndo inayokamata vumbi. Na ile ya unga ya mavyaa ina dawa ya kung'arisha nguo, ikibaki kwenye nyuzi yaja kugeuka njano huko mbele. Mavyaa sijamwambia.

Sasa twende dukani. Nimerudi na chupa, kwa upole kabisa, salamu na kila kitu, nikamwambia mwanangu hii dawa imeniharibia, hata kama hunirudishii pesa, andika basi kwenye madumu mna nini ndani. Kulikuwa na wateja wawili. Akanitazama, akawatazama wao, akasema, "Mamangu, zulia likikushinda, tandika mkeka." Wakacheka! Mimi niliyelelewa kwenye mkeka, nyanyangu alisuka ukindu mpaka macho yakamtoka, leo mtoto ambaye ndevu zimemuota juzi anifundisha mkeka. Nikageuka nikaondoka bila kununua hata kiberiti na nilikuwa nahitaji kiberiti.

Zulia tulilipandisha darini juani siku tatu, ngazi zetu mnazijua, na jua lilikula manjano mpaka huyaoni. Kwa hiyo doa limetoka, siwezi kudanganya. Ila mahali pale pamebaki baka limepauka, na chai ikimwagika hapo haikai vitone tena, inazama moja kwa moja. Kwengine kote bado ni jani la mgomba.

Nyota sifuri basi. Isipokuwa, na nasema hili nimeuma meno, nusu chupa ilikuwa imebaki na sikutaka kuitupa, nikavaa glavu, nikafungua dirisha, nikaimwaga chooni peke yake bila kuchanganya na chochote. Ule uchafu ulioganda kwenye taili ulionishinda tangu tuhamie ukaondoka kwa dakika tano. Taili zilikuwa nyeupe, mimi nilidhani ni za krimu. Kwa hiyo nyota moja, labda mbili, kama ingeitwa dawa ya choo ningempa nne na salamu juu. Ila huyo kijana hapana, yeye sifuri yake iko pale pale.

Mkeka nimeutandika juu ya lile baka. Akiuliza mtu, ni wa kuswalia.