Hunt au Richardson: uanze na nani?

Ukitaka kuwajua wasanifu majengo wa Marekani wa karne ya 19, una milango miwili: Hunt na Richardson. Wote wawili walisoma École des Beaux-Arts, shule ya sanaa na usanifu ya Paris. Richard Morris Hunt (1827–1895) ndiye Mmarekani wa kwanza kuingia pale; Henry Hobson Richardson (1838–1886) akamfuata.

Hunt alikuwa mtu wa matajiri. Aliwajengea akina Vanderbilt, ukoo wa matajiri, nyumba ya Biltmore, North Carolina, yenye vyumba 250 (ndiyo, nyumba ya kuishi), na jumba la The Breakers kule Newport, Rhode Island. Ajabu ni kwamba kazi yake inayoonwa na wengi zaidi ni ile wasiyoitazama: kitako cha mawe kinachobeba Sanamu ya Uhuru.

Richardson alirudi na ladha yake mwenyewe: jiwe zito, kuta nene, matao ya nusu duara. Kanisa lake la Trinity, Boston, lililokamilika 1877, liko kwenye ardhi ya kifusi palipokuwa na kinamasi. Chini yake zimepigwa nguzo za mbao zipatazo 4,500, na lazima zibaki zimelowa. Maji ya ardhini yakishuka, hewa hupenya na mbao huoza. Ghala alilomchorea mfanyabiashara Marshall Field, Chicago, lilibomolewa 1930. Hilo bado linaniuma.

Mpenda mapambo aanze na Hunt. Mimi namchagua Richardson, ingawa alifariki akiwa na miaka 47 tu, jengo lake la mahakama la Pittsburgh likakamilika 1888 yeye hayupo.