Sheridan na BMD-1, ipi ya kudondosha na ndege?
Jana kijiweni Tabata tunasubiri mvua ikate, stori zikahamia kwenye vifaru vya parashuti, Sheridan ya Marekani na BMD-1 ya Wasovieti. Mi nipo na BMD. Tani 7.5 tu wakati Sheridan inagonga kama 15, we piga hesabu ndege moja inabeba ngapi. Alafu inajishusha yenyewe, tumbo linabaki sentimita 10 toka chini utadhani daladala imekatika springi, inafungwa haichezi, ikitua inajinyanyua mpaka 45 inasepa. Mwaka 1973 waliidondosha na watu wawili ndani kabisaa, mmoja mtoto wa jenerali Margelov mwenyewe, mkuu wa wanajeshi wa parashuti wa Sovieti, sijui mama yake alilalaje siku hiyo.

Sheridan ilikuwa inawekewa chini makaratasi magumu yenye matundu kama sega la nyuki, yanapondeka yenyewe ili kifaru kipone, hapo nawapa heko. Na mzinga milimita 152, BMD ina 73. Ila bodi zote aluminiamu, na mabomu ya ardhini Vietnam yaliitesa Sheridan vibaya. Jamaa yangu fundi wa Gerezani bado kang'ang'ania mzinga.