Puto la tumboni kwa mtu wa Kigoma: linafaa, ila panga safari mbili

Kati ya njia za kupunguza unene bila kupasuliwa, puto la tumboni ndilo linaloulizwa zaidi, na kwetu linapata alama nzuri. Ila kwa anayeishi Kigoma, swali la kwanza si atapungua kilo ngapi. Ni atakuwa wapi zile siku za mwanzo za kutapika, na nani atalitoa puto miezi 6 ikitimia. Huduma yenyewe iko Dar es Salaam. Mloganzila ni moja ya hospitali za umma zinazoiweka.

Puto ni mpira laini wa silikoni unaokaa tumboni ili ushibe upesi. Linaingia likiwa limekunjwa kwenye ncha ya mrija mwembamba, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Daktari hutangulia kupitisha kamera mdomoni hadi tumboni. Akikuta kidonda au henia kubwa ya juu ya tumbo, shughuli inaishia hapo. Kukiwa salama, puto linashushwa, kamera inarudishwa pembeni yake, na daktari mzuri utamjua kwa jambo moja: hajazi mpaka aone kwa macho kwamba puto lote limeshavuka umio. Likijazwa likiwa bado kwenye umio linaweza kuuchana. Kisha maji ya chumvi, yale ya dripu, yakiwa yametiwa rangi ya bluu, yanasukumwa kwa bomba la sindano. Orbera, aina inayotumika sana, hujazwa mililita 400 hadi 700. Ukiwekewa 500, ni chupa nzima ya maji ya nusu lita imekaa tumboni, duara la upana wa sentimita 10 hivi. Mrija unachomolewa, valvu inajifunga. Dakika 20 au 30 zinatosha.

Linamfaa nani? Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 95 na mita 1.62 anapata 36. Marekani waliliruhusu mwaka 2015 kwa walio kati ya 30 na 40. Mjamzito hawekewi, wala aliyewahi kupasuliwa tumbo la chakula, wala anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Huyo wa kilo 95 atarajie kupungua kilo 9 hadi 12 kwa miezi 6, na ajue kuwa sehemu yake hurudi puto likitoka kama sahani imebaki ile ile.

Sasa zile siku za mwanzo. Tumbo linaliona puto kama chakula kisichosagika, linalisukuma bila kuchoka: kichefuchefu, kutapika, msokoto. Kwa wengi hali hii hudumu siku 3 hadi 5. Usikate tiketi ya treni ya kurudi kesho yake. Reli ya Kati mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtu anayetapika kwenye behewa huku hawezi kubakiza hata maji atafika Tabora ameishiwa nguvu kabisa. Kaa kwa ndugu Dar wiki nzima, karibu na waliokuwekea, hadi unywe lita moja na nusu kwa siku bila kutapika. Ukishindwa kunywa siku nzima, rudi ukatundikiwe dripu.

Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ni kila siku mpaka puto litoke. Diclofenac, ibuprofen na aspirini ziache kabisa, maana tumbo lenye puto linachubuka upesi. Maumivu ya mgongo yatosheke na panadol. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango azungumze na daktari kuhusu njia nyingine, kwa sababu kidonge kilichotapikwa hakizuii mimba.

Chakula huanza na vya maji, wiki ya pili vilivyopondwa, vigumu kuanzia ya tatu. Ugali wa muhogo uwe wa mwisho kurudi, tena tonge dogo, kwa sababu unanata juu ya puto na kuoza pale pale, mdomo ukatoa harufu. Mgebuka wa kuchemsha au dagaa ndio waanze sahanini. Baada ya kula subiri nusu saa, kisha kunywa maji ya kulisuuza puto. Soda na uji wa sukari vinapita pembeni ya puto bila kizuizi, na wengi hapo ndipo wanapokwama. Mawese nayo yapimwe kwa kijiko.

Mkojo ukigeuka kijani au bluu, puto limepasuka. Lililosinyaa linaweza kushuka na kuziba utumbo. Maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni huenda ni kongosho limevimba. Nenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, siku hiyo hiyo, ukiwa na karatasi yenye aina ya puto, mililita na tarehe ya kuwekwa. Dai karatasi hiyo kabla ya kuondoka Dar.

Kuna puto la kumeza, Allurion, lisilohitaji kamera na linalojitoa lenyewe baada ya wiki 16 hivi. Kuna pia kushona tumbo kwa ndani kwa kamera. Utafiti wa Marekani uliochapishwa na The Lancet mwaka 2022 ulipata kwamba walioshonwa walipungua asilimia 13.6 ya uzito wao kwa mwaka. Hilo halihitaji safari ya kutoa kitu, lakini ni usingizi mzito na mikono iliyozoea.

Tarehe ya kutoa iandikwe siku ile ile ya kuweka, na uulize kama bei uliyolipa inaihusu. Siku 3 kabla ni vya maji tu, saa 12 za mwisho hakuna kitu mdomoni. Chakula hukaa sana tumbo lenye puto, na kikipanda wakati wa usingizi kinaingia mapafuni. Daktari atalitoboa kwa sindano, atanyonya maji yote, ndipo alivute taratibu kwa kulabu.