Bata mzinga au mbuzi? Sikukuu ya Shukrani ugenini

Kila Novemba, majani yakishapukutika, familia zetu huku Marekani hurudia swali lile lile: Alhamisi ya nne, Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving), tupike nini?

Kwa bei, bata mzinga hana mpinzani. Wiki ile maduka makubwa humshusha bei kuvuta wateja, wakati mbuzi wa bucha la halali bei yake haina huruma. Lakini bata anataka mipango. Aliyeganda wa kilo 7 huchukua siku tatu hadi nne kuyeyuka ndani ya friji, kisha saa kadhaa za oveni. Ukimtoa Jumatano usiku, kesho yake mkono utakutana na barafu tumboni mwake. Mbuzi unamnunua Jumatano jioni, unamchemsha kwa tangawizi na kitunguu saumu, mchana pilau iko mezani.

Kiporo? Mbuzi anashinda wazi. Kifua cha bata kesho yake kimekauka, kinadai mchuzi wa nazi.

Ila watoto wanatamani kuwaambia wenzao shuleni kwamba nao walikula bata, na hilo si dogo. Nyumba yenye wanafunzi wadogo, ningeoka bata. Wakija wazee na wageni kumi na tano, ningepika mbuzi, sufuria kubwa, mkeka sebuleni.