Mifuko ya kuhifadhia noti: upi ununue, upi uuache dukani

Noti ya shilingi 10,000 ya Tanzania iliyoingia mtaani Februari 1, 2025 ni ileile ya toleo la 2010. Kilichobadilika ni saini: ya Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wa wakati huo, na ya Gavana wa Benki Kuu Emmanuel Tutuba. Ukiwa mkusanyaji wa noti na ukaipata benki, hulipi zaidi ya thamani yake. Gharama iko kwenye mfuko, na wengi hubana matumizi hapohapo, kisha noti ikaharibika.

Namba moja ni poliesta, inayouzwa kwa majina kama Mylar na Melinex. Ni angavu kama kioo, ngumu kidogo, na haina kilainishi (kemikali ya kulainisha plastiki) cha kuvuja. Chagua mfuko uliofunguka upande mrefu, maana noti huingia ikiwa imelala na pembe hazipondeki. Pima noti kwa rula kabla ya kuagiza, uache nafasi ya milimita chache. Mfuko unaobana hukunja pembe; unaopwaya sana huiacha noti ikisuguana.

Ya pili ni polipropilini. Ni nafuu na haing'ai sana, lakini kurasa zake zenye mifuko mitatu huingia kwenye faili la pete, na kwa anayekusanya saini huo ni msaada mkubwa: unaweka noti yenye saini ya gavana wa zamani Benno Ndulu juu, ya Tutuba chini, unalinganisha bila kugusa chochote.

Bahasha ya karatasi isiyo na asidi ifae noti za ziada tu. Kuona saini ni lazima uitoe noti, na kila kuitoa ni alama mpya ya vidole.

PVC usinunue kabisa. Ndiyo ile plastiki laini ya mifuko ya vitambulisho, yenye harufu kali ikiwa mpya. Kilainishi chake huvuja taratibu, mfuko ukanata na noti ikapata mafuta. Kulamineti ni kubaya zaidi, kwa sababu gundi iliyoyeyushwa kwa moto haitoki tena.

Kwa wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, unyevu huleta madoa ya ukungu. Noti iliyotoka mfukoni mwa mtu ikae kwanza siku mbili kati ya karatasi nyeupe kavu, ndipo uiingize. Weka pakiti za silika jeli, zinazonyonya unyevu, kabatini. Usiioshe, usiipige pasi.

Kikaratasi cha majina ya waliosaini kiandike kwa penseli kabla hujakichomeka nyuma ya noti. Ukiandika juu ya mfuko, mkandamizo wa kalamu huacha mfereji kwenye noti.